Farasi wa Kifungo

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na kazi za shule zikiisha, binti wa fundi cherehani alifagia vipande vya nyuzi kwenye meza ya kukatia nguo, akapanga sataranji. Alicheza na baba yake huku wakisubiri pasi ipate moto. Kete zote zilikuwepo isipokuwa farasi mmoja mweusi, aliyepotea zamani, na hakuna aliyejua aliondoka katika mfuko wa nani. Mahali pake baba aliweka kifungo kikubwa cha koti. Binti alikipenda kifungo hicho mno, hata akawa kila akicheza na kete nyeusi anakitoa kwanza. Shuleni palikuwa na farasi kamili, mwenye masikio na shingo, lakini tabia haikumtoka. Wenzake wa darasa la sita wakamwita Kifungo, na jina likamkaa.

Wachezaji wengi wa kete nyeusi huanza kwa kusogeza askari wa katikati. Farasi akitoka peke yake mwanzoni, askari weupe humfukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Kifungo hakujali. Watu walicheka, naye akafurahi kuchekwa, akidhani kuchekesha ni ujanja.

Siku moja mwalimu wa hesabu, mlezi wa klabu ya sataranji, aliwatangazia habari. Shule ingepeleka wachezaji wanne kwenye mashindano makubwa. Watatu walikwisha kuchaguliwa. Nafasi ya mwisho ingegombewa mwisho wa mwezi kati ya Kifungo na mvulana mwenye miwani minene aliyeitwa Profesa. Kura ikapigwa, Profesa akapata kete nyeupe. Kifungo aliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukampaa.

Kabla ya siku hiyo walicheza mchezo mmoja wa mazoezi. Kifungo akatoa farasi wake. Profesa akamfukuza kwa askari mmoja, akaongeza wa pili, kisha wa tatu. Farasi akarukaruka huku na huko, na kabla kengele ya kwenda nyumbani haijalia, mfalme mweusi alikuwa amebanwa, hana pa kwenda.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," alisema Profesa, na darasa zima likaangua kicheko.

Safari hii Kifungo hakufurahi kuchekwa. Alifika nyumbani macho mekundu.

"Baba, nimeachana na farasi. Sasa nitacheza kama watu."

Baba yake alikata uzi kwa meno. "Nikikosea kukata kitambaa, nakitupa?"

"Hapana. Unatazama kwanza mkasi uliteleza wapi."

"Haya, nionyeshe mkasi wako ulipoteleza."

Kifungo akaupanga mchezo upya, hatua kwa hatua. Baba alitazama, miwani imemshukia puani.

"Farasi amekimbia mara tatu. Wenzake wako wapi?"

"Wako nyumbani."

"Wanafanya nini?"

Kifungo akautazama ubao. "Wamelala, Baba."

"Kumbe! Sasa kosa ni la farasi hapo? Na hawa askari waliokuja kumfukuza mpaka huku, wanaweza kurudi kwao?"

Kifungo akawagusa askari weupe mmoja mmoja. Farasi hurudi atakapo. Askari harudi nyuma hata siku moja! Wale askari weupe waliokuwa wakimtisha walikuwa wamefika mbali, na nyuma yao nyumba ilibaki wazi. Kazi ya farasi ilikuwa kuwaita tu. Kuwapiga ilikuwa kazi ya wengine, nao walipaswa kuamka mapema.

Kuanzia hapo hakuna aliyemwona Kifungo akiruka kamba na wenzake. Alicheza na baba, alicheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Alishindwa jioni nyingi kuliko alizoshinda.

"Baba, niachie hata mara moja," alilalamika.

"Nikikuachia hapa, huko nani atakuachia?" alijibu baba, akaimeza ngome ya binti yake bila huruma.

Siku ikafika. Darasa lilijaa, wengine wamesimama juu ya madawati. Mwalimu akainama karibu na Kifungo.

"Mwanangu, una hakika bado unataka kutoa farasi? Ziko njia salama zaidi."

"Nina hakika, Mwalimu. Sasa najua kwa nini namtoa."

Farasi akatoka. Vicheko vikaanza. Profesa akamfukuza, akazidi kumfukuza, mpaka askari wake wanne wakasimama mbele, wamejipanga kifua wazi. Hapo Kifungo akasogeza askari mdogo wa katikati, akagusana nao uso kwa uso. Farasi wa pili akaamka. Malkia akachungulia. Profesa akaacha kutabasamu, akaanza kusafisha miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Askari mweupe mmoja akaanguka. Wa pili akakosa wa kumlinda. Ngome nyeusi ikapita katikati na kuingia katika ile nyumba iliyoachwa wazi, malkia akafuata, na mfalme mweupe akatafuta kona asiione.

"Cheki," alisema Kifungo. "Na hana pa kwenda."

Profesa alitazama ubao, kisha akacheka mwenyewe, akampa mkono. "Mbio za sakafuni! Kumbe waliokuwa wakikimbia ni wangu." Darasa likalipuka kwa shangwe, dawati moja likavunjika mguu, na kwa mara ya kwanza mwalimu hakugombeza mtu. Kifungo alikuwa na furaha mpaka akasahau begi lake.

Jioni ile alirudi na zawadi ya klabu: sataranji mpya, farasi wote wanne kamili. Baba akalichukua furushi kuukuu la kete zao za zamani ili aliweke kabatini.

"Ngoja, Baba. Kifungo nipe mimi. Kishone kwenye sweta langu la shule."

Baba akatunga uzi kwenye sindano. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nawe umeinama," alisema. "Kuwa tofauti na wenzako si kosa, mwanangu. Ila anayeshika njia yake peke yake lazima aijue kuliko wote, maana hana wa kumuuliza. Mwanzo ulikuwa unachekesha watu. Ulipofanya kazi, ndipo ulipocheza kweli."

Akakaza uzi, akaukata kwa meno. Kesho yake Kifungo aliingia shuleni na kifungo kikubwa cha koti katikati ya vidogo, hakifanani na chochote, na hakuna aliyecheka.