Nyumba ya Kuhesabiwa

Siku ya mnada huwezi kupiga chafya bila kumrushia mate ng'ombe wa mtu. Upande huu mbuzi wanalia, upande ule mitumba inamwagwa kwenye turubai, na katikati moshi wa nyama choma unazunguka ukiwatafuta makusudi wale wasio na hela. Hapo ndipo Adero alipopanga miche ya mradi wa kupanda miti aliouajiriwa, amevaa fulana nyeupe yenye gurudumu la rangi kifuani, na kitenge cha njano alichokifunga ili watu wajue kiuno kipo.

"Dada, hii miti bei gani?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, buti za mvua zenye udongo mwekundu, shati jeupe kama anakwenda kipaimara.

"Bure."

"Bure? Basi ina ugonjwa."

"Ugonjwa unao wewe, wa kutoamini watu."

"Na hilo gurudumu? Mnauza baiskeli?"

"Haya ni malengo ya dunia," Adero alisema, akinyoosha fulana aonekane wa ofisini. "Kumaliza umaskini, maji safi, vyoo, miti kwenye ardhi. Yako kumi na saba. Na nchi yetu imeahidi."

"Kumi na saba! Mimi lengo langu moja tu, nalo ndilo limevaa hiyo fulana."

Adero, binti wa Kijaluo aliyeahidi kwao kwamba hatachekacheka na vijana wa Kikurya mnadani, alicheka mpaka akaangusha mche.

Kijana aliitwa Heche. Shamba lake lilikuwa Kebosongo, kijiji kilicho chini ya mgodi wa dhahabu. Alipakia miche mpaka pikipiki ikaonekana kama kichaka kinachohama.

"Panda kwa nafasi, mura," Adero alimwonya, akimwita kijana kwa Kikurya chao. "Hatua tatu kutoka mche hadi mche. Mti nao unataka kupumua."

"Kwetu tumelala watano kitanda kimoja na wote tulipumua. Nipe namba yako, nikupigie ukizimia mmoja."

Akapiga jioni ileile. Hakuna mche uliokuwa umezimia.

Simu zikawa simu kweli. "Mrembo, umekula?" "Nimekula." "Umekula nini bila mimi?" "Samaki." "Basi nyie Wajaluo hamjawahi kuwa wapweke." Na katikati ya utani huo Adero akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mama yake, Susana, alihamishwa mgodi ulipopanuliwa mara ya kwanza, akapanga, akahamishwa, akapanga tena. Sasa anaishi chumba kimoja kule Sirari, na vyombo vyake bado viko kwenye magunia, maana huwezi kujua.

"Mimi sitaki dhahabu, Heche. Sitaki gari. Nataka nyumba isiyohama."

Kwenye simu pakawa kimya, kimya cha mtu anayepiga hesabu, ingawa Adero alidhani ni cha mtu aliyeguswa. Pengine kilikuwa vyote viwili.

"Nimeanza kujenga," Heche akasema. "Vyumba vitatu."

"Vya nani vyote hivyo?"

"Kimoja changu, kimoja chako, cha tatu cha kununiana."

Wiki ile akatuma picha ya kuta. Iliyofuata, picha ya mabati yanayong'aa. Adero akamrushia mama yake, akanunua kitambaa cha mapazia chenye maua ya zambarau.

"Nyathina, mwanangu," Susana alisema kwenye simu, "mtu anayejenga mbio hivyo, anakimbizwa na nini?"

"Na mapenzi, mama."

"Mapenzi hayakimbizi fundi."

Zablon, mkuu wa mradi, ndiye aliyempeleka Kebosongo. Alitaka picha za miti kwa ajili ya taarifa. Adero alishuka kwenye gari, akamkuta Heche amesimama mlangoni anatabasamu, naye akatabasamu. Halafu akatazama.

Miche ilikuwa imebanana bega kwa bega, kama watu wanaogombea kivuli. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, imeunganishwa kwa udongo, ndani nyasi bado zinaota. Hakuna jivu. Hakuna kuku.

"Choo kiko wapi?" Adero aliuliza.

"Choo cha nini?"

"Cha watu, Heche! Watu wana matumbo!"

"Sasa nani anaishi hapa?" alijibu haraka, kisha akauma mdomo.

Adero akageuka akatazama mteremko mzima. Nyumba mpya kila mahali, mabati yanameta, na hakuna hata moja inayotoa moshi. Huku hakuna mtoto asiyejua jambo hilo linaitwaje. Wanaita kutegesha: unasikia mgodi utachukua ardhi, unasimamisha kuta na kuchomeka miche mbiombio, ili wathamini wakija wakuhesabie fidia.

"Umetegesha."

"Kila mtu ametegesha. Dhahabu inapanda ndege, sisi tunabaki na vumbi. Acha tuwauzie hilo vumbi."

"Uliniambia vyumba vitatu."

"Tukilipwa tutajenga vingine mjini Tarime. Vya tofali la kuchoma!"

"Na miti yangu?"

"Miti yako itahesabiwa." Alinyoosha kidevu kumwonyesha Zablon, aliyekuwa amechuchumaa na simu akitafuta pembe ambayo kijani kitajaa. "Na yule anafanya nini pale? Mradi wenu nao umetegesha, mpenzi. Tofauti ni fulana."

Adero alimwacha amesimama. Akamfuata Zablon.

"Bwana Zablon, hii itakauka yote. Tuandike miti iliyo hai baada ya mwaka, siyo iliyotoka kitaluni."

Zablon hakuwa mtu mbaya. Alisimama taratibu, akajifuta magoti.

"Dada yangu, mti unakua miaka, taarifa inaondoka mwezi huu. Mimi naulizwa na wilaya, wilaya inaulizwa na taifa, taifa linaulizwa na dunia. Wote wanauliza tumepanda mingapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nani ataimwagilia."

Heche alipiga simu siku nyingi. Adero aliitazama ikilia kama mtu anayetazama mtoto wa jirani anayedeka. Mwishowe, kitaluni, mikono imejaa udongo, akapokea kwa bahati mbaya aliyoitaka.

"Usikate! Nimechimba choo."

"Umechimba nini?"

"Choo, Adero. Kirefu. Nilipogonga mwamba nikasema, hapa nikiona dhahabu namwacha yule msichana. Una bahati, nimekuta mawe."

Alicheka, akajikasirikia kwa kucheka.

"Na miche nimeipanga upya, hatua tatu tatu. Inapumua. Sikia, mpaka mpya wa mgodi unapita ukingoni mwa shamba langu. Sisi wa ukingoni tunaruhusiwa kukataa. Nitakataa. Njoo uwashe moto."

Akaenda. Sakafu ilikuwa imesilibwa kwa samadi, safi, inanukia zizi. Choo kilikuwepo, na Heche alimtembeza kukiona kama anayemwonyesha mgeni kanisa. Adero akatundika mapazia, akawasha moto, akasonga ugali wa muhogo na mtama. Moshi ukapenya chini ya mabati, ukatoka, ukawa moshi pekee mteremko mzima.

"Baba ameshatenga ng'ombe," Heche alisema, anapuliza tonge. "Nitakuja kwenu kwa mama."

"Utakuja na nani wa kukusemea?"

"Nitajisemea. Mdomo huu mama yako ataukubali tu."

Siku ile alilala akijua yuko kwake.

Ndiyo maana asubuhi ya wathamini alivaa gauni la bluu bila kuuliza. Heche alikuwa amepiga simu mapema: "Vaa vizuri, kipenzi. Nina neno la kukuuliza mbele za watu."

Alipofika Kebosongo, watu walikuwa wamejaa uwanjani kwa Heche. Heche alivaa koti la suti, jasho linamtiririka. Akamshika mkono.

"Adero, mbele ya hawa wote, nataka kukuoa. Unasemaje?"

Vigelegele vikapaa. Adero alifungua mdomo aseme ndiyo; ndiyo ilikuwa tayari ulimini. Hapo mthamini, baba mmoja mwenye kizibao cha njano, akapiga makofi mawili.

"Vizuri sana. Baba na mama, simameni mlangoni tupige picha. Mwenye familia anaandikiwa fidia na nyumba ya kuhamia."

Kumbe ukutani, chini ya dirisha la mapazia ya zambarau, palikuwa na namba ya rangi nyekundu, bado mbichi. Na mkono wa pili wa Heche ulishika kibao chenye namba hiyohiyo.

"Ulisema utakataa," Adero alinong'ona.

"Majirani wote wamekubali. Nitakaa hapa na nani, na shimo? Baruti zikilia nitasalimiana na nani?"

"Na mimi? Umenitegesha na mimi?"

"Nakuoa kweli, Adero! Wallahi, kweli kabisa!"

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu leo ndiyo..." Akajisikia mwenyewe. Utani wote ukamtoka usoni. "Vyote viwili ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Nihurumie. Vyote viwili."

Kilichomuuma Adero ni kwamba alimwamini.

"Dada," mthamini aliuliza, kalamu mkononi, "wewe ni nani wa hapa?"

Watu wakamgeukia. Neno moja tu lilitakiwa, na mke angekuwa mke, na nyumba nyingine ingesimama mahali pengine, mpaka hapo napo patakapotakiwa.

"Mimi ni mgeni," Adero alisema.

Akaingia ndani, akamwagia moto maji, akatoka bila kumtazama mtu. Nyuma yake alisikia Heche akiambiwa ainue kibao, baba, juu kidogo, tuone namba.

Simu ililia akiwa barabarani anasubiri bodaboda.

"Kwa hiyo hunipendi," Heche alisema. Alikuwa analia, na hakujua kulia. Alilia kama mtu anayekohoa.

"Nakupenda."

"Basi rudi."

"Nakupenda, Heche. Ila hilo usiwaambie hao watu. Watalihesabu."