Kitambaa Chekundu na Visanduku Viwili

Kila asubuhi, kabla ya chai, mke alipanda mteremko hadi kwenye shamba lao la pilipili hoho. Mume alishuka kisimani, kwenye banda la mabati lenye pampu. Kati yao palikuwa na mita mia tatu za bomba. Mke alifungua koki, kisha akainua kitambaa chekundu. Mume akikiona, ndipo anawasha pampu. Kitambaa kikishuka, anazima. Baada ya hapo ndipo mke anafunga koki. Walifanya hivyo miaka tisa, na bomba halikuwahi kupasuka.

Majirani walimwita mke Bi Kitambaa. Mume walimwita Chapuchapu, kwa sababu hata chai aliinywa amesimama.

Mwaka huu macho ya Chapuchapu yaliingia ukungu. Siku moja aliwasha pampu kwa kuona shati jekundu la mpita njia; bahati nzuri koki ilikuwa imeshafunguliwa. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, afanyiwe upasuaji. Angekaa wiki tatu karibu na hospitali, mbali na vumbi. Safari ilikuwa Jumatatu. Pilipili nazo zilikuwa zimeanza kutoa maua. Zikikosa maji siku chache za jua kali, maua yangedondoka na msimu ungepotea.

Bi Kitambaa hakuweza kuwa kisimani na shambani kwa wakati mmoja. Ndiyo maana walinunua visanduku viwili vinavyowasiliana bila waya. Kimoja huwasha na kuzima pampu. Kingine hukaa shambani na kuendesha vali, yaani koki inayojifungua na kujifunga kwa betri.

Jumamosi asubuhi Chapuchapu aliviweka mezani bega kwa bega, katikati ya vikombe. Akabonyeza kitufe. Tak, vali ikafunguka. Alibonyeza mara ishirini, ikalia tak mara ishirini. Akatangaza kwamba jaribio limekwisha.

Kisha akafunga kisanduku kimoja ndani ya banda la mabati. Kingine akakilaza chini, katikati ya majani ya pilipili. Akabonyeza. Pampu ikanguruma, lakini vali ikabaki imefungwa. Maji yalikosa pa kutokea. Kiungo cha bomba kikapasuka, na maji yakang'oa mistari miwili ya pilipili.

Chapuchapu alisema visanduku virudishwe dukani na safari iahirishwe. Mke wake alikuwa na tope hadi magotini.

"Jicho lako haliahirishwi," alisema. "Nataka kujua vimeshindwa wapi."

Akampigia simu wifi yake, dada mdogo wa Chapuchapu, ambaye ni fundi wa pampu.

Fundi alifika Jumapili asubuhi na kiungo kipya. Aliuliza jaribio lilifanyika wapi. Alipoambiwa, alimgeukia kaka yake.

"Kaka, kwani pilipili zako umezipanda mezani?"

Chapuchapu akajifanya anatafuta spana.

Fundi alieleza kwamba visanduku hivi huwasiliana kwa mawimbi ya redio. Mabati huyazuia mawimbi. Majani mabichi na umbali huyapunguza nguvu. Kwa hiyo kifaa hujaribiwa pale pale kitakapofanyia kazi. Walizima swichi ya umeme wa pampu kwanza, kisha wakatoa antena nje ya banda na kuifunga juu ya nguzo. Shambani nako wakasimamisha nguzo ndefu kuliko pilipili.

"Sasa niambie, wifi," fundi alisema. "Wewe na kaka mlikuwa mnafanyaje?"

Bi Kitambaa akaeleza habari ya kitambaa.

"Basi kisanduku nacho kifanye hivyo hivyo. Vali ifunguke kwanza. Ijibu kwamba imefunguka. Jibu lisipofika, pampu isiwake."

Fundi alikipanga hivyo. Walijaribu vali mara kumi, pampu ikiwa bado haina umeme. Fundi hakuwaruhusu kutazama taa ya kisanduku. Alitaka waitazame vali yenyewe. Kisha wakarudisha umeme na kusukuma maji, na Bi Kitambaa akaenda kusimama kwenye mstari wa mwisho hadi maji yakamfikia miguuni. Kuzima kulikwenda vizuri pia: pampu kwanza, vali baadaye.

Fundi akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Bado," alisema Bi Kitambaa. "Mimi nikianguka na kitambaa changu, kaka yako anazima pampu. Hiki nacho, mawimbi yakikatika katikati ya kazi, kitafanyaje?"

Chapuchapu alinung'unika kwamba sasa wanatafuta balaa. Fundi aliweka mfuko chini. Wakawasha pampu, na vali ikiwa wazi, wakachomoa antena ya shambani. Wakasubiri. Dakika tano zilipita, pampu bado ilinguruma.

Walizima kwa mkono. Fundi alifungua mpangilio, akakuta pampu imepangiwa kungoja nusu saa bila kupata habari za vali, ndipo ijizime. Alikiri kwamba hilo lilimpita. Akapunguza ikawa dakika moja. Wakarudia mara tatu. Mara zote tatu pampu ilijizima yenyewe.

"Haya," alisema Bi Kitambaa. "Sasa panga nguo zako, mume wangu."

Wiki ya pili, mbuzi aliyekata kamba aliangusha nguzo ya shambani maji yakiwa yanakwenda. Bi Kitambaa alikuwa kisimani. Alisikia pampu inanyamaza. Akapanda, akakuta bomba halijapasuka na mbuzi anatafuna majani. Alimfukuza mbuzi, akasimamisha nguzo, akajaribu vali mara kumi kama alivyofundishwa, ndipo akaendelea kumwagilia.

Chapuchapu alirudi wakati pilipili za kwanza zimeshiba na kung'aa. Kabla hajafika nyumbani alishuka kisimani, na mke wake akamfuata. Alisimama mlangoni mwa banda, akatazama juu shambani. Juu kabisa ya nguzo ya antena palikuwa pamefungwa kitu, kinapepea.

"Unaona nini?" mke wake aliuliza.

Chapuchapu safari hii hakuharakisha. Alitazama hadi akaridhika.

"Naona kitambaa," alisema. "Na pembe moja imechanika."

Ndipo akabonyeza kitufe.