Mizunguko Sita ya Kahawa

Sabina, mama yake Piusi na mchumaji wa kahawa huko Oldeani, hakuwa na kalenda. Alihesabu kwa mizunguko. Wachumaji humaliza safu zote, kisha hurudi mwanzo kuchuma kahawa iliyoiva karibuni. Kila mzunguko ni wiki mbili. Hata mimba yake aliihesabu hivyo: tangu hedhi ya mwisho, mizunguko sita. Basi, wiki kumi na mbili.

Hesabu hiyo aliipeleka kliniki Karatu. Alikuwa na miaka arobaini na moja, kwa hiyo Nesi Martha alimweleza kuhusu kipimo kipya cha damu. Kinaangalia uwezekano wa mtoto kuwa na hali kama ya Down, inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili. Sabina akakubali. Damu ikapelekwa mjini.

Baada ya karibu wiki tatu jibu likarudi: haikusomeka.

"Haikusomeka maana yake hamna mtoto," alisema mumewe, Emilian, mtu wa kukata shauri kabla ya kusikiliza.

Sabina alilia siku nzima. Lakini kilio hakikumzuia kutaka kujua. Kesho yake alikuwa kliniki, Emilian nyuma yake.

"Nesi, damu ni yangu. Mtoto mnamwonaje humo?"

Martha akatabasamu. "Chembechembe zake huingia kwenye damu yako, Mama Piusi. Ni kama maziwa kwenye chai. Mimba ikiwa changa, maziwa ni tone tu. Na mama mwenye mwili mkubwa, sufuria yake ni kubwa. Tone linapotea."

"Sasa mnajuaje kama yametosha?"

"Wataalamu wamekusanya hesabu za akina mama maelfu: uzito, umri, wiki za mimba. Kompyuta inakulinganisha na wenzako. Tukiipa wiki zisizo sahihi, inakulinganisha na wasio wenzako."

"Mimi sikukosea! Mizunguko sita!"

Emilian akakohoa. Yeye ndiye mnyapara wa shamba. "Mama Piusi, mwaka huu jua kali. Kahawa imeiva upesi. Tumezunguka kila baada ya siku kumi."

Martha akampeleka Sabina kwenye ultrasaundi. Moyo mdogo ulikuwa unadunda pale kwenye kioo. Sabina akalia tena, safari hii kwa furaha.

"Siku ile tulipochukua damu ulikuwa na wiki nane," alisema Martha. "Kipimo kinataka kumi au zaidi. Leo una kumi na moja."

Akampima uzito, akaandika wiki sahihi, akachukua damu upya. Jibu liliporudi, sasa ilisomeka: uwezekano wa hali ile ni mdogo.

"Lakini si kiapo," Martha alionya. "Kungekuwa na uwezekano mkubwa, tungetafuta kipimo kingine cha kuhakikisha."

Emilian akanunua kalenda, akaigongomelea ukutani. Kila Jumapili Sabina alitia alama.

Mtoto wa kike alizaliwa wiki ya thelathini na tisa. Na Emilian, yule aliyesema hamna mtoto, ndiye aliyembeba kutoka kliniki mpaka Oldeani. Hakukubali kupokewa na mtu.