Kabati Jeupe la Mama Pacha

Jua likishapanda kidogo, Baba Pacha alirudi nyumbani kutoka kiwanda cha mikate. Alifanya kazi zamu ya alfajiri, na alirudi na unga kwenye nyusi. Mkewe, Mama Pacha, alimwambia kila siku kwamba amezeeka tangu jana. Naye kila siku alicheka, kama vile utani huo umezaliwa leo.

Saa hizo pacha wao, wasichana wawili, walikuwa shuleni. Nyumba ilikuwa na sauti moja tu, ya cherehani. Mama Pacha alikuwa fundi wa nguo. Alishonea katika chumba cha mbele, kando ya dirisha kubwa. Kazi ilikuwa nzuri na wateja walimpenda. Shida ilikuwa nafasi. Nguo zilizokwisha zilining'inia kwenye misumari, zikalala juu ya viti, zikapata vumbi. Mgeni akija, ilibidi aketi juu ya suruali ya mtu.

Baba Pacha akasema atamtengenezea mkewe kabati. Hakuwa seremala, lakini mikono yake haikupenda kukaa bure. Alinunua mbao za msonobari. Zilikuwa nyepesi, laini kwa msumeno, na zilinukia vizuri. Alipima, akakata, akapigilia. Kabati likasimama, lina rafu na milango miwili. Akalipaka rangi nyeupe ya mafuta, likang'aa. Pacha walijitazama mlangoni wakajikunjia nyuso.  Mama Pacha alipanga nguo ndani, moja moja, kama mtu anayelaza watoto.

Furaha hiyo haikudumu. Jua la mchana liliingia dirishani na kupiga milango ya kabati. Baada ya muda, doa la rangi ya chai likajitokeza kwenye mlango wa kushoto. Likafuata la pili. Kila palipokuwa na kifundo cha ubao, yaani pale tawi lilipoota mti ukiwa hai, palitokea doa. Baba Pacha alipaka rangi tena juu yake. Madoa yakarudi. Akapaka tena. Yakarudi, safari hii yakiwa na unyevu wa kunata.

"Kabati lako lina ndui," mkewe alimwambia.

Baba Pacha alicheka naye, lakini rohoni aliumia. Siku iliyofuata alileta rangi nyingine, ile inayopakwa kwenye magari, kwa sababu alisikia kwamba ni kali na hukauka upesi. Aliipaka juu ya ile ya mafuta. Hata kabla hajaosha brashi, rangi ya chini ilivimba na kujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Aliketi sakafuni akaitazama. Akamwambia mkewe kwamba mbao hizo zinafaa kuni tu.

Jambo baya zaidi lilikuwa ndani. Katika rafu ya juu palikuwa na gauni jeupe la binti mmoja aliyemaliza masomo ya uuguzi. Alitaka kulivaa Jumamosi, siku ya kula kiapo cha kazi. Mama Pacha alipolitoa ili alipige pasi, mkono wa gauni ulikataa kutoka. Ulikuwa umenata kwenye ubao. Aliuvuta polepole. Ukaachia, lakini ukabaki na alama ya manjano, ngumu kama gamba. Alisimama nalo mkononi. Kitambaa kile kilikuwa kimekwisha dukani.

Wakati huohuo mtu akapiga hodi. Alikuwa Shangazi Msasa, jirani wa nyumba ya tatu, aliyekuja kuchukua sketi yake. Mama huyu alikuwa mpaka rangi wa samani. Tangu ujana wake alipaka milango, vitanda na meza katika karakana. Wengine walisema anaitwa Msasa kwa sababu ya viganja vyake, wengine wakasema ni kwa sababu ya ulimi. Mwenyewe alisema yote mawili ni kweli.

Alilitazama kabati.  Alisogea, akagusa doa kwa kidole, akakinusa kidole.

"Msonobari," alisema. "Na vifundo hukuviziba, mwanangu."

Baba Pacha alikiri kwamba hata hakujua kama vinazibwa. Lakini Mama Pacha alikuwa na haraka ya gauni. Alimwonyesha Shangazi ule mkono. Shangazi akamwambia asiuoshe kwa maji ya moto, maana ule ni utomvu wa mti, na joto lingeulainisha na kuueneza. Kwanza aukwangue taratibu kwa upande butu wa kisu. Kisha achovye kitambaa safi katika spiriti, ile ya kusafishia vidonda, apapase kutoka ukingoni kwenda katikati. Na aanze kujaribu kwenye pindo la ndani, aone kama nguo haiharibiki.

Mama Pacha alifanya hivyo. Pindo halikudhurika. Akaingia kwenye alama yenyewe, akipapasa na kubadilisha kitambaa. Umanjano ukapungua, ukapungua, ukaisha. Aliliosha gauni kwa sabuni, akalianika. Binti alipokuja kulichukua, Mama Pacha alimweleza yote, hakuficha. Binti aliutazama mkono wa gauni huku na huku, asione kitu. Akasema, akicheka, kwamba spiriti hiyo amefundishwa kuitumia kwa wagonjwa tu, hakujua kwamba nguo nazo hutibiwa. Jumamosi alikula kiapo akiwa amelivaa.

Likabaki kabati. Shangazi alirudi asubuhi nyingine, amefunga kilemba cha kazi. Walilibeba hadi uani, na Baba Pacha akaanza kukwangua rangi iliyojikunja. Walifunga vitambaa puani ili wasivute vumbi. Wakikwangua, Shangazi alieleza.

Alisema kwamba mti huu una utomvu mwingi, hasa kwenye vifundo. Ubao ukipata joto, utomvu hulainika na kutafuta pa kutokea. Rangi peke yake haiwezi kuuzuia. Utapita tu.

"Ulikuwa unafunika kidonda bila kukitibu," alimwambia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bahati yako, huyu mgonjwa bado mzima."

Waliziacha mbao juani zitoe jasho. Utomvu ulipotoka na kuganda, waliuondoa kwa kisu cha bapa. Wakafuta vifundo kwa kitambaa chenye tapentaini, mafuta makali yanayoyeyusha utomvu, wakaacha pakauke kabisa. Vitambaa vile Shangazi hakuviacha rundo. Alivitandaza kimoja kimoja nje, mbali na jiko, kwa sababu hushika moto upesi.

Kisha akatoa chupa ya shelaki. Ni kimiminika cha rangi ya asali, kinachochanganywa na spiriti, na hukauka haraka. Alimpa Baba Pacha brashi ndogo. Akamwonyesha jinsi ya kupaka kila kifundo na kuvuka ukingo wake kidogo, kwa mkono mmoja mwembamba, yaani tabaka moja jembamba. Ikakauka, wakapaka tena. Hicho ndicho kizibo, alisema.

Baba Pacha akauliza kuhusu ile rangi ya magari. Ilikuwa mbaya?

"Si mbaya," Shangazi alijibu. "Uliiozesha kwa mume asiye wake. Thina yake, ile ya kuichanganyia, ni kali, ikaila rangi ya mafuta iliyokuwa chini. Kabla hujanunua, soma kopo. Angalia inachanganywa na nini, na inataka nini chini yake. Usipoelewa, muulize muuzaji. Ukibaki na shaka, paka kwanza kwenye kipande cha ubao, usubiri."

Basi nje ya kabati walipaka kwanza praima ya mafuta, yaani rangi ya msingi inayoshika ubao. Ilipokauka waliipitishia msasa mwepesi, wakafuta vumbi. Ndipo wakapaka rangi nyeupe ya mafuta, mkono mmoja, wakangoja, kisha wa pili. Baba Pacha alitaka kuongeza wa tatu siku ileile. Shangazi akamnyang'anya brashi.

Ndani ya kabati hakumruhusu kupaka rangi ya mafuta. Alisema mahali pafungwapo, harufu yake haitoki upesi, na gizani nyeupe hugeuka manjano. Ndani walipaka shelaki peke yake, mahali pote, hata chini ya rafu. Ubao ukaonekana, mzuri, una mistari yake. Milango ikaachwa wazi mpaka kila kitu kikauke na harufu iishe. Siku zile Mama Pacha alishona akiwa amezungukwa na nguo za watu, lakini hakulalamika.

Kabati lilirudi chumbani. Safari hii walilisogeza ukuta wa pili, jua lisilifikie moja kwa moja. Nguo zikaingia. Wageni wakapata viti. Mteja mmoja aliuliza ni fundi gani aliyelitengeneza, na Mama Pacha akamnyooshea kidole mumewe, ambaye alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo wazi.

Msimu wa joto ukafika. Chumba kilikuwa kama tanuri. Kila asubuhi, kabla ya kuketi kwenye cherehani, Mama Pacha alipitisha kiganja juu ya milango, taratibu, akitafuta mahali panaponata. Hapakuwa na mahali. Hakumwambia mumewe, asije akadhani hamwamini.

Siku moja alitoka kuanika nguo, akarudi mapema. Alimkuta Baba Pacha amesimama mbele ya kabati, bado ana unga kwenye mikono ya shati. Shavu lake lilikuwa limelala juu ya mlango, na macho ameyafumba. Alikuwa akiupapasa kwa kiganja, kuanzia juu hadi chini.

"Unanata?" mkewe aliuliza.

Alishtuka, kisha akatabasamu. "Hata kidogo."

Mama Pacha akaja akaweka kiganja chake kando ya cha mumewe, wakaupapasa wote wawili.