Tahalili za Hamido

Asubuhi ile shuleni Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, ilianza kama kawaida. Watoto walifagia, wakapanga foleni, wakaingia darasani. Mwalimu Elísio aliandika moja, kisha sifuri, sifuri, sifuri. Ubao ukamwishia, akaendelea ukutani, penye masizi ya moto wa vita.

"Nyota hukisiwa kuwa nyingi kiasi hiki, au zaidi," alisema. "Mbele ya hizo zote, dunia yetu haifikii hata chembe."

Wanafunzi wengine walicheka kwa mshangao. Zuleica hakucheka. Kaka yake Hamido aliuawa mji ulipovamiwa, na mwili wake haukupatikana. Kama dunia haifikii chembe, Hamido ni nini? Si kitu, alijijibu, na jibu hilo likamkaa vibaya kifuani.

Mchana, nyumbani kwao kulikuwa na hitima ya Hamido. Walipokuwa ukimbizini, mama yake, Hafsa, aliapa kwamba wakirudi salama, mwanawe atasomewa tahalili elfu sabini. Kaburi la kuzuru hakuwa nalo. Alishikilia nadhiri hiyo tu. Basi wanawake walikaa mikekani, kila mmoja na fungu lake la mbegu za ukwaju kwenye sinia. Ukisoma "La ilaha illa Llah" mara moja, unasogeza mbegu moja upande wa pili.

Zuleica naye alipewa sinia. Alisoma, akasogeza, akasoma, akasogeza. Miguu ikamfa ganzi. Elfu sabini! Mbele ya sifuri zile za ukutani, hiyo nayo ni hesabu? Shangazi Nadia alipofumba macho, Zuleica alichota konzi nzima ya mbegu akaihamisha kimya kimya. Kisha konzi nyingine, na nyingine. Loo, akamaliza kabla ya watu wazima!

"Mashallah, mtoto huyu ana ulimi mwepesi," Shangazi alimsifu. Sifa hiyo ilimchoma.

Hatimaye hesabu ikatangazwa kuwa imetimia. Wali ulikuwa ukinukia. Mama aliinua mikono ili dua isomwe, machozi yakimtiririka. "Alhamdulillahi," alisema. "Leo nimemzika mwanangu."

Hapo Zuleica alishindwa. "Mama, haijatimia!" alisema. "Nimesogeza mbegu bila kusoma. Nyingi. Sijui ngapi."

"Wee mtoto, huna haya!" Shangazi alifoka. "Tahalili za kaka yako mwenyewe?"

Mama alishusha mikono. "Kwa nini, mwanangu?"

"Mwalimu kasema nyota hazina idadi, na dunia si hata chembe. Nikaona... Hamido mmoja ni nini? Nisamehe, mama."

Mama hakumpiga. Aliomba wali ufunikwe, na fungu lote la Zuleica lianzwe upya. Wanawake walikuwa wamechoka na njaa inawauma, lakini hakuna aliyeondoka.

Kisha akamvuta binti yake karibu. Sauti yake ilikuwa ngumu. "Mwalimu amesema kweli. Mungu ameumba vingi kuliko tunavyojua. Lakini elfu sabini hailetwi kwa konzi, Zuleica. Ni moja, na moja, na moja. Waliotuvamia nao walituona hivyo: watu ni wengi, mmoja akipungua si kitu. Usimhesabu mtu kama wao."

Zuleica alifuta machozi, akaanza kusoma kwa sauti, na mama yake akasoma pamoja naye.