Kasi na Diski Zinazokuja

Ndugu zangu, nyumba ninayoisimulia ilikuwa na amani yake. Kila Jumapili alasiri mke alimimina chai, mume akawasha kompyuta, na wote wawili wakamtazama marehemu mama mkwe kwenye video ya dakika nne. Mama yule alikuwa akishona kitufe cha shati la mkwewe huku akimtania: "Mwanaume mzima, kitufe kinakushinda!" Mke alicheka palepale kila mara, na kila mara alifuta machozi. Video nyingine ya mama yake hakuwa nayo.

Mume alikuwa mpiga picha za harusi. Mtaani walimwita Kasi, maana hakuna kilichomuudhi kama kusubiri kompyuta. Kazi zake zote, pamoja na video ile, alizihifadhi kwenye diski mbili zenye vitu vilevile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Utaratibu huo aliufuata miaka kumi na mbili, nami nampongeza.

Ndipo zikaja habari za diski mpya. Madukani zilikuwa bado, lakini Kasi alizijua kuliko alivyoijua siku ya kuzaliwa ya mkewe.

"Mke wangu, sikia! Ndani yake kuna mikono miwili inayosoma kwa pamoja. Moja tu inameza kazi zangu zote, na nafasi inabaki!"

"Na vyombo inaosha?"

"Cheka tu. Utaona."

Usimcheke sana, msomaji. Mtu anayeipenda kazi yake huvipenda na vifaa vyake, na waliobuni diski zile wanastahili kuvuliwa kofia. Kosa la Kasi halikuwa kupenda. Kosa lake lilikuwa kumpisha mgeni kitanda kabla mgeni hajaondoka kwao. Kompyuta yake ilikuwa na nafasi mbili tu za diski, basi akachomoa moja, akapangusa vumbi, akaiacha nafasi wazi ikisubiri. Diski aliyoichomoa akampa shemeji yake, kaka wa mkewe.

"Futa vyote vilivyomo, shemeji, utie nyimbo zako."

"Una hakika?"

"Mwezi ujao mpya zinafika. Hiyo ni kizee."

Mwezi ujao ukafika, diski hazikufika. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Jumapili moja, chai ikiwa mezani, diski iliyobaki ikaanza kugonga, ka, ka, ka, na skrini ikaganda. Kesho yake fundi wa kompyuta aliifungua akatikisa kichwa.

"Imejikwangua yenyewe, kaka. Humu hamna kitu tena."

Mke hakugomba. Alikunja kitambaa cha meza polepole.

"Sauti yake nilikuwa nimeanza kuisahau," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa naitazama kila wiki."

Kasi alitamani mkewe amfokee. Aliona aibu, kisha akaikumbuka ile diski aliyoitoa.

Wakaenda kwa shemeji, ambaye aliwasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Harusi zote nimefuta, shemeji. Si uliniambia mwenyewe? Nyimbo zimejaa tele." Kasi akajibwaga kitini. "Lakini nilipofika kwa mama na kile kitufe, mkono ulikataa. Yumo."

Mke akamkumbatia kaka yake, akalia kwa sauti bila kujizuia.

Diski mpya ilifika mwezi uliofuata na, sikufichi, ni ya ajabu. Video ya mama mkwe iliingia kabla Kasi hajapepesa macho, naye akapiga makofi peke yake kama mtoto. Kisha akanyoosha mkono kuichomoa ile ya zamani, ambayo shemeji alikuwa ameirudisha pamoja na nyimbo zake.

"Iache," mke alisema. "Hapohapo ilipo."

Akaiacha. Lakini maharusi wa miaka kumi na mbili bado wanampigia simu wakiomba picha zao, ambazo hazipo tena.

Funzo

Jamani, tuvipende vitu vipya na tuwasifu wanaovibuni. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Diski ambayo haijafika haihifadhi hata picha moja. Kilicho na thamani kwako kiwekee nakala mbili leo, kwa kifaa ulicho nacho, hata kama kinakokota miguu. Kasi alibahatika kuwa na shemeji ambaye mkono wake ulikataa. Mkono wa shemeji yako huenda ukakubali.