Sufuri Kumi na Moja

Kila siku saa moja asubuhi, Adela Vondra alivaa mabuti, akavuka uwanja na kusoma kipimamvua kilichofungwa kwenye nguzo ya uzio. Babu yake alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa bila kukosa siku, mpaka alipoteleza ghalani akavunjika nyonga. Sasa Adela ndiye aliyetuma vipimo kwa simu, kwenye mtandao wa wapimaji mvua wa kujitolea.

Kiangazi hicho jimbo lao la Nebraska, Marekani, lilikauka. Sufuri leo, sufuri kesho. Adela alichoka, akaanza kutuma sufuri akiwa bado kitandani.

"Umeshapima?" Babu aliuliza kutoka chumbani kwake.

"Nimepima, Babu. Kukavu kama unga."

Siku ya kumi na moja Bi Haverkamp, msimamizi wa wapimaji, alipiga simu. Babu alifungua spika.

"Mzee Vondra, kompyuta inakitilia shaka kituo chako. Usiku wa kuamkia Jumanne majirani zako wote wanne walipata nusu inchi ya mvua, wewe sufuri. Kifaa kimepasuka? Kama ni hivyo, nitafuta vipimo vyako vya mwaka mzima."

"Nitakupigia." Babu akamgeukia Adela. "Kimepasuka?"

"Hapana. Sikutoka, Babu. Siku zote kumi na moja. Nilidhani kati ya namba zote hizo, yangu nani ataiona?"

Babu aliweka simu mezani. "Hata mimi nilichoka, miaka mingine. Sikia, mama. Ile data kubwa mnayofundishwa shuleni haitoki mawinguni. Ni vipimo vya maelfu ya watu, kila siku, miaka na miaka. Hakuna binadamu awezaye kuvisoma vyote. Kompyuta huvilinganisha, ikaona ukame unaelekea wapi na mto upi utafurika. Sufuri maana yake nimetoka, nimetazama, hakuna kitu. Kama hukutazama, acha wazi."

"Lakini rekodi yako itatoboka!"

"Itatoboka. Mpigie mwenyewe."

Adela alipiga simu, akaeleza yote. Bi Haverkamp alishusha pumzi. "Matundu kumi na moja tunayamudu, binti. Namba za kubuni ndizo zinazotushinda. Mwaka wenu nauacha."

Asubuhi iliyofuata Adela alirudi uwanjani, vumbi limejaa kwenye mabuti.

"Ngapi?" Babu aliuliza.

"Sufuri."

"Itume. Hiyo umeifuata kwa miguu yako, na mtu asiyetujua ataitegemea."